Chokaa ikiingia jichoni, dawa iko ukingoni mwa jicho la pili

Mtazame mtu jichoni kwa karibu, mwanga ukiwa mzuri. Pale kioo cha jicho (konea, ule utando angavu wa mbele) kinapoishia na weupe unapoanza, utaona mzingo mwembamba ambao upana wake haufiki milimita 2. Kwa watu weusi mara nyingi mzingo huo una rangi ya kahawia iliyokolea, na daktari akiutazama kwa darubini ya macho huona vijistari vimejipanga kama matuta ya bustani. Mfano huo wa bustani hauko mbali na ukweli, kwa sababu mzingo ule ni kitalu. Ndani yake zimekaa seli shina za kioo cha jicho, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Kila siku zinatoa miche inayosogea kutoka pembeni kwenda katikati, huku seli kuukuu zikipukutika na kuoshwa na machozi kila unapopepesa. Ngozi yote ya juu ya kioo hubadilishwa kwa wiki moja hadi siku 10 hivi, maisha yako yote, bila wewe kujua.

Seli shina zikitajwa siku hizi, wengi huwaza sindano ya goti, sindano ya uti wa mgongo, au vile vipakiti vya unga vinavyouzwa kwa mtindo wa kuunganisha watu chini yako, kwa ahadi ya kutibu kisukari, presha na ugumba kwa mkupuo. Kwa maoni yangu tunatazama mahali pasipo. Kama kuna tiba ya seli shina za mtu mzima ambayo hospitali kubwa za macho za Afrika Mashariki zinaweza kuifanya kwa darubini, mikasi na mikono iliyopo, ni hii ya ukingo wa jicho. (Zinaitwa za mtu mzima hata zikichukuliwa kwa mtoto wa miaka 5. Maana yake ni kwamba hazikutoka kwenye kiinitete, yaani mimba changa kabisa.)

Kabla ya kuingia jichoni, kuna jambo moja ambalo likieleweka, nusu ya matangazo ya seli shina yataanguka yenyewe. Seli hizi hufanya vizuri pale ambapo tishu yenyewe ina desturi ya kujizaa upya. Damu ni mfano wa kwanza. Uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, unatengeneza damu usiku na mchana, ndiyo maana upandikizaji wa uloto umekuwa tiba ya kawaida kwa zaidi ya miaka 50, Muhimbili wanaufanya, na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanawapandikiza watoto wenye selimundu. Seli zinaingizwa kwenye mshipa kama chupa ya damu, nazo zinajitafutia njia hadi ndani ya mfupa. Hata hapo kuna hesabu. Zikivunwa kutoka kwenye damu ya mtu, kiwango cha chini kinachotakiwa ni seli milioni 2 zenye alama ya CD34, inayotambulisha seli shina za damu, kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Pungufu ya hapo, uloto mpya unachelewa kushika na mgonjwa anabaki siku nyingi bila kinga.

Mfano wa pili ni ngozi. Mwaka 2015, Bochum nchini Ujerumani, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa amepoteza karibu asilimia 80 ya ngozi yake ya juu kwa ugonjwa wa kurithi alitengenezewa ngozi mpya kutokana na kipande cha sentimita 4 za mraba. Kundi la Michele De Luca kutoka Modena lilirekebisha jeni yenye kasoro ndani ya seli zile, likaziotesha, na zikatoa shuka za ngozi zenye jumla ya karibu mita 0.85 za mraba. Hiyo ni nguvu halisi ya seli shina. Lakini ona ilikotumika: ngozi ilizaa ngozi.

Moyo ni habari nyingine. Msuli wa moyo wa mtu mzima hubadilisha seli zake kwa asilimia 1 au pungufu kwa mwaka. Kwa miaka mingi maabara ya Piero Anversa ilidai kwamba moyo una seli shina zake na kwamba unaweza kuotesha msuli mpya. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilipendekeza machapisho 31 ya maabara hiyo yaondolewe kwa sababu ya data za kughushi. Gegedu la goti, ule mto laini wa kwenye ncha za mifupa, nalo ni mvivu wa namna hiyo hiyo, halina hata mishipa ya damu. Anayekuuzia sindano ya goti kwa hoja kwamba "seli zitaotesha gegedu jipya" anakuuzia mche bila shamba. Sindano hizo huenda zikapunguza maumivu kwa muda, hilo linajadilika. Kuota upya kwa gegedu ni dai jingine kabisa, na tangazo linayachanganya mawili hayo kwa makusudi.

Turudi kwenye jicho, na tuanze na kinachoharibu kitalu.

Kwetu wabaya wanajulikana: chokaa ya kupaka ukuta, simenti mbichi, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, na tindikali ya betri. Pwani kuna pia chokaa ya tambuu, ambayo watoto huichezea. India chokaa hiyo huuzwa kwenye vipakiti vidogo vya plastiki, na ni chanzo kinachojulikana sana cha watoto kuungua macho: mtoto anabana kipakiti, kinapasuka, chokaa inaruka usoni. Chokaa na kostiki ni mbaya kuliko tindikali nyingi, na anayetengeneza sabuni nyumbani anajua sababu bila kufundishwa. Kostiki ikikutana na mafuta, inatoka sabuni. Kuta za seli zetu nazo ni mafuta. Tindikali hugandisha protini za juu, na tabaka lile lililoganda linaizuia kidogo isizame. Kostiki inayeyusha na kuendelea kuzama ndani ya jicho wakati wewe bado unatafuta bodaboda.

Kwa hiyo maji kwanza, hospitali baadaye. Maji yoyote safi yaliyo karibu, ya bomba au ya ndoo, yamiminwe juu ya jicho lililofunguliwa kwa vidole kwa dakika zisizopungua 30. Usitie limao au siki eti kuua chokaa. Mgongano wa tindikali na chokaa unatoa joto na unaongeza kidonda. Maziwa nayo yaache. Kosa linaloniudhi kuliko yote hutokea hospitalini: jicho linaoshwa vizuri, lakini hakuna anayepindua kope la juu. Chembe za chokaa hujificha kule ndani kwenye mkunjo, na kila chembe ni kiwanda kidogo kinachoendelea kutoa sumu hata baada ya lita 3 za maji. Kope lipinduliwe mara mbili, chembe zifutwe kwa pamba iliyolowa kwenye kijiti, kisha karatasi ya kupima pH, yaani kiwango cha tindikali au chokaa, iguswe kwenye mkunjo wa chini. Inatakiwa isome kati ya 7 na 7.4. Subiri dakika 5 hadi 10, pima tena. Ikipanda, kuna chembe umeiacha, rudi kope la juu.

Kitalu kikiungua chote, hakuna miche tena. Ngozi ya weupe wa jicho, ambayo mpaka wake ulikuwa ule mzingo, inavuka na kutambaa juu ya kioo ikiburuta mishipa ya damu. Kioo kinakuwa chekundu, kisha cheupe kama kimefunikwa na ukungu, na kinachubuka mara kwa mara kwa maumivu ya kukosesha usingizi. Mitaani hilo litaitwa chamba cha jicho, na ushauri utakuwa "abadilishiwe kioo". Hapo ndipo fedha na kioo cha marehemu hupotea. Kioo kinachopandikizwa ni duara la katikati, milimita 7 au 8 hivi. Halina kitalu chake. Linang'aa kwa wiki kadhaa kwa mtaji wa seli lililokuja nazo. Zikiisha hakuna za kuzirithi, na ule utando mwekundu unarudi.

Suluhisho ni kupeleka kitalu. Madaktari Kenyon na Tseng, mwaka 1989, walihamisha vipande vikubwa vya ukingo kutoka jicho zima hadi lililoungua. Ilifanya kazi, ila kulikuwa na hofu ya kulidhoofisha jicho zima. Mwaka 1997 kundi la Pellegrini na De Luca nchini Italia likaja na njia nyingine: kata kipande kidogo cha milimita 1 hadi 2 za mraba, kioteshe maabara kwa msaada wa seli za panya zilizouawa uwezo wa kugawanyika kwa mionzi, kisha rudisha shuka nzima jichoni. Njia hiyo ndiyo iliyozaa Holoclar, dawa ya kwanza ya seli shina kuidhinishwa Ulaya, Februari 2015.

Kuna kipimo kimoja kutoka kwa Waitaliano hawa ambacho natamani kibandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki inayouza seli. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 112. Walihesabu ni seli ngapi katika shuka waliyopandikiza zilikuwa shina kwelikweli, zile zinazowaka sana kwa alama ya p63. Shuka yenye zaidi ya asilimia 3 ya seli hizo ilifaulu kwa wagonjwa 78 katika kila 100. Yenye asilimia 3 au chini yake ilifaulu kwa 11 tu. Shuka zote mbili kwa macho zinafanana, zimejaa seli. Kinachoamua ni ile asilimia 3. Kwa hiyo mtu akikuambia "tunakudunga seli milioni 50", swali lako liwe: katika hizo milioni 50, shina ni ngapi, na mmezihesabu kwa alama gani?

Hata hivyo maabara ya kuotesha seli za binadamu kwa kiwango cha dawa ni kitu ghali: hewa iliyochujwa, wataalamu wa kudumu, vyeti, na seli za panya zenye rekodi zake. Kuisubiri hiyo ni kusubiri embe chini ya mnazi. Mwaka 2012 Virender Sangwan na wenzake wa hospitali ya macho ya L V Prasad, Hyderabad, India, waliondoa maabara kabisa. Wazo lao ni la mkulima: kwa nini uoteshe miche chupani wakati shamba lenyewe lipo? Otesha humo humo jichoni.

Inafanyika hivi. Kwenye jicho zima, upande wa juu unaofunikwa na kope, daktari anakata kipande cha ukingo cha milimita 2 kwa 2. Ukiuchukulia mzingo wote kama uso wa saa, hicho ni chini ya saa moja. Kidonda kile kinafunga ndani ya siku chache. Kipande kinawekwa kwenye maji ya chumvi ya hospitali kisikauke. Kisha kwenye jicho bovu anakata ngozi ya weupe mzunguko mzima, anachambua ule utando mwekundu kutoka kwenye kioo hadi uwe safi, damu inasimamishwa, na utando wa kondo la nyuma unatandazwa juu na kunatishwa kwa gundi ya faibrini (protini inayogandisha damu), kingo zake zikisukumwa chini ya ngozi ya weupe. Sasa kile kipande kinakatwa vipande 8 hadi 10 kwa mkasi mdogo, na kila kimoja kinawekwa juu ya utando, ngozi ikitazama juu, kwa kuzunguka duara la katikati. Katikati kabisa, mbele ya mboni, haiwekwi kitu, maana kipande kitakachoshika hapo kitaacha kivuli kwenye njia ya kuona. Tone la gundi juu ya kila kimoja, lenzi laini ya kulinda, kazi imekwisha. Kutoka kila kisiwa, seli zinatambaa hadi zikutane na za jirani. Kwa kawaida kioo kinafunikwa ndani ya wiki 2 hivi.

Matokeo ya Hyderabad kwa macho 125, yaliyochapishwa 2016: asilimia 76 yalibaki na kioo safi kisicho na mishipa. Ukilinganisha na njia ya maabara, hakuna cha kuionea aibu.

Asilimia 24 zilizobaki zina mafunzo zaidi. Waliofeli walikuwa hasa walioungua kwa tindikali, wenye kope lililogandamana na jicho, waliopandikizwa kioo na kitalu siku hiyo hiyo, na waliopoteza vipande baada ya upasuaji. Sababu tatu za mwisho zina maelezo yake. Kope likiwa limegandamana, kila kupepesa kunavuta na kusugua miche, hivyo lirekebishwe kwanza, kwa upasuaji wa peke yake, na jicho litulie. Kupandikiza kioo na kitalu pamoja kunaonekana ni kubana matumizi, lakini kioo cha mtu mwingine kinaamsha kinga, uvimbe unaletwa, na miche mipya haivumilii uvimbe. Kwanza kitalu kishike, kioo kifuate baadaye, na wengine hawatakihitaji. Vipande kuanguka mara nyingi ni gundi kuwekwa juu ya utando uliolowa, au mgonjwa kufikicha jicho usiku. Ngao ya plastiki ya kulalia si pambo.

Jambo jingine ni machozi. Karatasi ya kupimia machozi ikilowa chini ya milimita 5 kwa dakika 5, upasuaji usubiri. Kitalu bila maji kinakauka, hilo halihitaji profesa. Na jicho likiwa bado jekundu, limeungua mwezi uliopita, usilikimbilie. Wengi husubiri angalau miezi 3 hadi 6.

Baada ya upasuaji kuna matone ya predinisoloni, aina ya steroidi, ya asilimia 1, mwanzoni karibu kila saa 2 kisha yanapunguzwa hatua kwa hatua kwa kama wiki 6, pamoja na matone ya kuzuia maambukizi. Hapa nina wasiwasi wa kwetu. Matone ya steroidi yananunuliwa duka la dawa la mtaani bila cheti, na mgonjwa aliyeona nafuu anaendelea nayo mwaka mzima. Presha ya jicho inapanda kimyakimya, mshipa wa kuona unakufa, na aliyepona chamba anapofuka kwa glakoma. Daktari amwandikie tarehe ya kuacha kwenye karatasi, si kumwambia kwa mdomo.

Kwa mtu aliyeungua macho yote mawili njia hii haina pa kuchukulia. Itabidi ndugu atoe kipande, na mgonjwa atumie dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu, zenye vipimo vya damu na figo kila mara. Japani wanatumia pia ngozi ya ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, iliyooteshwa maabara. Vyote viwili vina uzito wake, na kwa wagonjwa wengi wa mikoani dawa za kushusha kinga zitaleta taabu kubwa kuliko chamba chenyewe.

Labda mtu atauliza kwa nini tusitumie seli za mafuta ya tumbo, maana zinavunwa kwa dakika chache. Kliniki moja ya Florida ilifanya hivyo mwaka 2015: wanawake watatu waliokuwa na ugonjwa wa uzeeni wa pazia la nyuma ya jicho walidungwa ndani ya macho yote mawili, siku moja, maji yaliyotolewa kwenye mafuta yao wenyewe. Pazia likachanika na kung'oka, damu ikavuja ndani, na wote wakapoteza uwezo wa kuona kwa kiasi kikubwa. Walikuwa wamelipa kutibiwa. "Ni seli zako mwenyewe, haziwezi kukudhuru" ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote katika biashara hii. Hata Arnold Caplan, aliyezipa seli za namna hiyo jina la seli shina mwaka 1991, aliomba mwaka 2017 jina hilo libadilishwe, kwa sababu zinachofanya mwilini zaidi ni kutoa kemikali za kutuliza na kuchochea, si kugeuka kuwa tishu mpya. Na zile seli shina za tufaha zinazotangazwa kwenye vipakiti vya unga? Tumbo linazisaga kama linavyosaga mchicha.

Sasa, hospitali ya kwetu inakosa nini? Darubini ya upasuaji ipo popote wanapotoa mtoto wa jicho. Mikono ipo pia: ile nyama inayoota pembeni mwa jicho na kupanda juu ya kioo imejaa ukanda huu wa jua na vumbi, na madaktari wanaoiondoa kisha kuziba pengo kwa ngozi ya jicho lenyewe tayari wanajua kuchambua kioo na kunatisha utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Gundi ya faibrini inanunuliwa, na ikikosekana utando unaweza kushonwa, japo vipande vyenyewe vitashikwa kwa shida. Kinachokosekana mara nyingi ni utando wa kondo uliopimwa na kutunzwa. Nao malighafi yake inatupwa au kuzikwa kila siku wodini.

Hapa ndipo ningeweka fedha za kwanza. Mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji wa kupangwa anaombwa ridhaa, anapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kondo la aliyejifungua kwa njia ya uke halifai, limeshapita kwenye bakteria. Ndani ya chumba safi utando wa ndani unabanduliwa kwa vidole kutoka kwenye ule wa nje, unaoshwa kwa maji ya chumvi yenye antibiotiki hadi damu iishe, unatandazwa juu ya karatasi maalumu ya nitroselulosi na kukatwa vipande vya sentimita 5 kwa 5. Unahifadhiwa kwenye gliseroli iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya lishe ya seli, nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza za baridi hiyo ziliingia nchi zetu 2021 kwa ajili ya chanjo ya Pfizer. Umeme ukikatika friza isifunguliwe, na iwe na kipimajoto kinachoandika chenyewe, kwa sababu utando ulioyeyuka na kuganda tena hauonyeshi dalili yoyote kwa macho. Mama anapimwa tena baada ya miezi 6. Hapo tu ndipo vipande vyake vinaruhusiwa kutoka.

Siku ya kutumia, kuna kosa la mwisho la kuepuka. Utando una pande mbili na ukishavuliwa kwenye karatasi zinafanana. Gusa kwa ncha ya sponji kavu: upande mmoja utateleza, mwingine utavutika nyuzi kama urojo. Unaovutika ndio unaolala chini, juu ya kioo. Miche inapandwa juu ya ule unaoteleza.